TAHADHARI: Tapeli wa "mtaji wa nishati safi" yuko Mombasa, anawinda vikundi

Mwenye kikundi, kampuni changa au mradi wa sola, makaa ya vifuu, majiko sanifu au pikipiki za umeme hapa Mombasa: ukipigiwa simu na bwana anayejiita mwakilishi wa mfuko wa wawekezaji wa Uholanzi, mkatie. Usimpe hata nauli. Sisi ameshatula shilingi 187,500, na nasikia bado yuko mjini, anatembea, anakula vizuri, ananukia udi.

Sisi ni kikundi cha ufukweni, tuna friza mbili za sola za kuhifadhia samaki. Tulichokuwa tunatafuta ni pesa za kuongeza friza ili mama karanga wote, wale wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, wa upande wetu wa Likoni wawe na pa kuweka samaki, si wale waliowahi peke yao.

Sasa wanaonicheka kwenye grupu, eti "msomi mzima kaliwa", waje niwaeleze. Huyu hakuja na ujumbe wa "umeshinda milioni". Alikuja ufukweni kwa miguu yake, akavua viatu, akaingia bandani. Akafungua friza, akauliza betri ni za risasi au za lithiamu. Akauliza wakati wa masika, mawingu yakikaa wiki nzima, barafu tunaipata vipi. Akauliza mapato yanashuka kiasi gani wakati wa kusi, vyombo vidogo vinaposhindwa kutoka. Wallahi, tapeli gani anauliza habari za kusi? Maafisa wa benki waliotutembelea hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Ikafika adhuhuri, akaswali nasi. Akakaangiwa samaki changu wawili, akawala hadi mifupa, na hakulipa. Tulisema mgeni.

Na maneno yake yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonichoma. Alieleza jinsi mfuko wa Acumen ulivyoanzishwa 2001 ili kuweka pesa kwenye biashara zinazohudumia maskini na kungoja miaka mingi bila kukimbilia faida. Akaeleza jinsi kampuni ya M-KOPA walivyopita njia ya M-Pesa, mtu analipia taa yake ya sola kwa vijisenti vya kila siku. Nilivitafuta vyote hivyo usiku ule, vikawa kweli. Ndio ufundi wao: ukweli wa watu wengine wanaufanya kitambulisho chao.

Tena, mtu mwenye shibe hajui njaa ya mtaji. Benki inataka hati ya ardhi, na habari ya hati za ardhi huku Pwani nani asiyeijua. Sacco inakukopesha mara tatu ya akiba yako, na akiba ya mama karanga ni kiasi gani? Mikopo midogo midogo inakupa elfu hamsini, inaanza kudai wiki inayofuata. Mifuko mikubwa ya nje nayo haitaki kusikia mradi usiofika mamilioni ya dola, kwa sababu gharama ya kukukagua wewe mdogo ni ileile ya kumkagua mkubwa. Hapo katikati hakuna mtu. Akija mmoja akakaa hapo katikati, akakwambia milioni 7.5, mkopo unaoweza kugeuzwa hisa, miaka miwili ya mwanzo hulipi kitu, unamwita nani? Polisi?

Basi siku yenyewe. Hoteli moja ya Nyali, ya kiyoyozi, mie na dada wetu wa hazina. Yeye kakaa anaangalia mlango, kompyuta mbele, juisi ya ukwaju. Akatuonyesha karatasi ya masharti, kurasa nne, ina nembo, ina nafasi ya sahihi, jina la kikundi chetu limeandikwa sawasawa. Hata ile "Self Help Group" kaiweka, ambayo watu wote huisahau. Kisha akampigia simu ya video "mkurugenzi". Ikatokea picha ya mzungu mzee, haisogei. Sauti inasema mtandao mbaya, anatupongeza, kamati inakaa leo jioni, kilichobaki ni ada ya uhakiki tu, asilimia 2.5, ili wakaguzi watumwe.

Nikasema tutalipa kwa benki. Akacheka kidogo, akasema benki itafika kesho na kamati ni leo, nafasi ya Mombasa ni moja, na kuna kikundi cha Kilifi kiko tayari. Hapo ndipo aliponibana. Akasema, kwa upole kabisa, "Kaka, M-Pesa inapitisha 250,000 kwa mara moja, utamaliza kabla chai haijapoa." Dada wa hazina akaniangalia. Mie nikaangalia simu. Nikaingiza namba ya till aliyotupa, likatokea jina la duka la nguo. Nikamuuliza, nguo? Akajibu bila kupepesa: ndiye wakala wao wa hapa, sheria za Ulaya haziruhusu pesa za ada kuchanganyika na pesa za mfuko. Nikabonyeza namba ya siri. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa furaha, nasema wazi, kwa furaha.

Ijumaa simu ikapokelewa. Jumatatu ikapokelewa. Kisha akarudi mwenyewe na jipya: sasa tulipe "kinga ya sarafu", shilingi isije ikashuka tukashindwa kurejesha. Tena akataja mfuko wa TCX wa Amsterdam. Nikautafuta, upo kweli, tangu 2007, kazi yake ni kuwakinga wakopeshaji wanaotoa mikopo kwa sarafu za nchi kama zetu. Lakini unafanya biashara na mabenki na mifuko, haumpigii simu mtu wa Likoni kumdai elfu sitini. Dada wa hazina akasema hapana. Toka siku hiyo simu haipatikani. Nilituma ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom, ili pesa zirudishwe, nikajibiwa zimeshatolewa. Duka la nguo tumelitafuta Mwembe Tayari mpaka Marikiti, hakuna anayelijua.

Dalili? Mnataka dalili, haya. Pesa ya kuomba pesa, hiyo ya kwanza. Mifuko ya kweli kama AECF ya Nairobi na EEP Africa wanaofadhili nishati safi hutangaza maombi hadharani, kuomba ni bure, na ukipita unalipwa kwa awamu kadiri unavyotimiza hatua mlizokubaliana. Mwekezaji wa kweli gharama za uhakiki huzibeba mwenyewe, au huzikata kwenye pesa atakazokupa, na humchukua miezi, si alasiri moja. Jina la mpokeaji lisilofanana na mfuko. Haraka. Cheti alichotuonyesha kilikuwa cha jina la biashara tu, si kampuni. Tungeomba CR12, ile hati ya serikali inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, kupitia eCitizen tungejua kampuni haipo na wakurugenzi hawapo. Akijiita meneja wa mfuko aliyesajiliwa Kenya, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kulikuwa na kitu kuhusu barua pepe yake pia, mwisho wake ulikuwa wa kawaida wa bure, dada wa hazina ataweka picha.

Lakini mie dalili hazinipozi. Mie namtaka yeye. Zile si pesa zangu, ni za wanawake wanaoamka alfajiri kungoja ngalawa, shilingi mia mia walizoweka kwa mwaka mzima. Mmoja alikuwa ameahirisha ada ya mtoto kwa sababu nilimwambia friza zinakuja. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujipatia mali kwa hila ni hadi miaka 3. Mitatu! Na wakili ananiambia mara nyingi inaishia faini. Faini atalipa kwa pesa za nani? Apelekwe Shimo la Tewa, na kila Ijumaa aletwe ufukweni apare samaki mpaka deni liishe, na mama karanga wenyewe wawe askari wake. Na yule mwenye sauti ya kizungu naye, ambaye nadhani alikuwa ameketi chumba cha pili hotelini humo humo.

Tumeandikisha polisi, tunayo namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Jina silitaji hapa, hata sidhani ni lake. Watu wa Kisauni na Bamburi wawili wameniandikia pembeni hadithi ileile, Uholanzi ileile, ada ileile, kwa mmoja ilikuwa ya makaa ya vifuu. Jumatatu saa tatu tunaenda tena kituoni, tukiwa wengi watatusikia. Njoo na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa, na karatasi ya masharti kama alikupa. Na mwenye picha inayoonyesha uso wake vizuri anitumie, maana niliyonayo mie ni ya ubavuni, kainamia sahani, anachambua changu.