Kulazwa Lubumbashi: usiku niliokataa sindano

Nyota tatu kati ya tano. Jina la hospitali naliacha. Ni ya binafsi, hapa Lubumbashi, ya bei ya kati. Matibabu yenyewe ningeyapa nne. Namna wanavyompokea mgonjwa anayeuliza maswali, moja na nusu.

Nililazwa kwa mguu uliovimba na kuwa mwekundu toka kifundo hadi karibu na goti, homa juu. Dokta wa mchana aliandika ordonansi, karatasi ya dawa, mdogo wangu akashuka famasi kununua seramu, sindano na vichupa vya kloksasilini. Hapa kwetu unanunua kwanza, ndipo unachomwa. Nilipopokelewa nilikuwa nimesema penisilini inanidhuru. Kwenye fishi, karatasi ya maelezo ya mgonjwa, wakaandika "alerji", basi. Alerji ya nini, karanga?

Usiku muuguzi wa zamu akaja, sindano imeshajazwa.

"Dawa gani, mama?"

"Antibiotiki, papa."

"Inaitwaje?"

Akaninyooshea kichupa huku akitazama kitanda cha pili. Nikamwambia hiyo siwezi, ni jamii ya penisilini. Akajibu kwamba kloksasilini ni kloksasilini, penisilini ni penisilini, na kama mimi ndiye muganga, nijichome mwenyewe. Wagonjwa wengine wakacheka. Mkono nikaurudisha ndani ya shuka.

Kloksasilini, ampisilini na amoksisilini zote ni ukoo mmoja na penisilini, hata kama majina hayafanani. Mtu aliyewahi kudhurika vibaya na mojawapo hapaswi kupewa nyingine kabla dokta hajaamua.

Kupaza sauti hakukunisaidia kitu. Neno "alerji" wauguzi wanalisikia kila siku, hata kwa mtu aliyeharisha tu baada ya vidonge. Kwa hiyo nikamweleza kilichonipata: nilichomwa nikiwa kijana, haikupita saa midomo ikavimba, mapele mwili mzima, pumzi ikabana. Halafu nikamwomba mambo mawili: amwite dokta, na aandike kwenye fishi kwamba nimekataa, pamoja na sababu. Aliposikia "andika" akaiweka sindano kwenye sinia na kutoka.

Dokta wa usiku alikuja na usingizi usoni, lakini aliuliza vizuri: ilikuwa dawa gani, ilianza baada ya muda gani, nilipewa nini kunitoa pale. Akabadilisha, akaandika klindamisini, na juu ya fishi akaandika PENISILINI kwa wino mwekundu. Nyota nyingi nilizotoa ni zake. Muuguzi hakuniomba msamaha, nami sikumdai; alikuwa peke yake na wodi nzima hadi asubuhi.

Kisanduku cha maoni kipo, mwisho wa korido, kufuli limeota kutu. Juu yake bango la Siku ya Usalama wa Mgonjwa, 17 Septemba, lile la 2023 lililohimiza kuwashirikisha wagonjwa. Mimi nilipita moja kwa moja kwa mkuu wa wauguzi, maana famasi ilikataa kurudisha vichupa ambavyo havijafunguliwa. Alisikiliza, akaandika kikaratasi, nikarudishiwa pesa, isipokuwa ya kile kilichofunguliwa. Kile nimelipa mimi, na bado sijaona kwa nini.

Nitarudi? Ndiyo, nikihitaji. Ila fishi nitaisoma kabla haijatoka mezani kwa mpokeaji.