Siku nne Palermo: tulichokula, na aya tuliyoikuta kwenye nguzo ya kanisa

Mimi ni wa Mombasa, dadangu anakaa Milano miaka mingi, sasa nilipokwenda kumtembelea mwezi wa sita akanambia Milano ipo tu haitoroki, twende Palermo kwanza manake najua wewe utaipenda. Palermo ndo mji mkuu wa Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia. Tukakata tiketi ya ndege, siku nne. Na alisema kweli, nimeupenda huo mji mpaka sahii bado nauota.

Tuanze na soko la Ballarò, kwa sababu sisi tulianzia hapo hapo na mabegi bado hatujafungua. Wauzaji wanaita bidhaa kwa sauti ya kuvuta kama wanaimba, wenyewe wanaita abbanniata, samaki wamepangwa juu ya barafu, mabiringani, zeituni, viungo kwenye magunia, maji yanatiririka chini unaruka ruka, yaani nilihisi niko Marikiti. Hapo ndo nikala panelle kwa mara ya kwanza. Ni unga wa dengu jamani! Unapikwa na maji mpaka unakuwa mzito kama ugali, unatandazwa, ukipoa unakatwa vipande vyembamba na kukaangwa kwenye mafuta moto, halafu vinaingizwa ndani ya mkate wa ufuta na kukamuliwa limau. Mtu aliyekulia viazi karai na bajia hahitaji kufundishwa. Mkate mmoja kama yuro 3 hivi na umeshiba, mimi nilikula kila siku bila kuchoka.

Kwa wenzangu Waislamu, hapa sikilizeni vizuri. Chakula chao mashuhuri cha barabarani ni pani ca meusa, mkate wa bandama na mapafu ya ng'ombe, lakini kwa desturi unakaangwa na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo sisi tulipita. Arancine, yale madonge ya wali yaliyokaangwa, ya siagi mara nyingi yana nyama ya nguruwe ndani, tafuta ya mchicha. Hata cannoli, vile vitamu vya mrija vyenye krimu ya jibini ndani, ganda lake kiasili linatiwa mafuta ya nguruwe na mvinyo. Jifunze kusema "senza maiale", yaani bila nguruwe, na uulize kabla hujalipa, hatukukutana na mtu hata mmoja aliyekasirika kwa kuulizwa. Tulichokula kwa raha ni tambi za sadini, zina majani ya shamari, zabibu kavu, kokwa za msonobari na zafarani, tamu na chumvi pamoja, nikamwambia dadangu huyu aliyepika amewahi kuonja pilau ya zabibu ya kwetu. Na caponata, mabiringani ya siki na sukari, hiyo ilibidi niombe sahani ya pili.

Sasa nguzo. Siku ya pili tukaenda kanisa kuu, lile lilioanza kujengwa 1185, tunaingia kwa mlango wa kusini, dadangu akanishika mkono akasema simama, angalia nguzo ya kushoto. Nikaangalia, nikaona maandishi ya Kiarabu yamechongwa kwenye jiwe. Tukayafuatisha pole pole neno kwa neno, ni aya ya Suratul Aaraf, ile ya 54, Mola wenu ni Mwenyezi Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi kwa siku sita. Wallahi nilinyamaza. Watu wanapita na aiskrimu zao, na mimi nimesimama mlango wa kanisa nasoma aya niliyofundishwa chuoni nikiwa mdogo. Waislamu walitawala mji huu toka 831 mpaka 1072, msafiri Ibn Hawqal alipofika karne ya 10 akaandika kuwa misikiti ilizidi 300. Leo iliyobaki kwa macho ni vitu kama hiyo nguzo, na majina, mtaa wa Kalsa ni al-Khalisa, kasri la Zisa ni al-Aziza.

Halafu Cappella Palatina, kanisa dogo ndani ya kasri la wafalme wa Norman, wale Wakristo waliouchukua mji toka kwa Waislamu. Mfalme Roger wa Pili ndo aliyeijenga, ikawekwa wakfu 1140. Kuta zote dhahabu, sanamu za mozaiki za Kikristo, lakini ukiinua kichwa dari ni mbao zilizochongwa kama masega ya nyuki, kazi ya mafundi wa Kiislamu, na kuna dua za Kiarabu zimeandikwa. Shingo iliniuma na sikujali. Na huyo huyo Roger ndo aliyemweka al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, hapo Palermo, akamaliza kitabu chake cha jiografia 1154, na humo Mombasa imetajwa, Malindi imetajwa na habari za chuma chake. Mwaka 1154! Mji wangu uliandikwa kule nilikosimama, mimi nimekuja kujua nikiwa mtu mzima.

Zisa watu wengi wanaikosa, msiikose, kuna jiwe la kaburi la 1149 lililoandikwa kwa aina nne za maandishi.

Lawama ninazo. Chumba tulichokodi kilikuwa ghorofa ya nne bila lifti, feni mbovu, mwenyewe anaahidi kuja haji, na usiku kelele za baa mpaka saa nane. Mjini taka kuna mitaa zimerundikana, usishangae.

Toka uwanja wa ndege mpaka mjini ni kilomita kama 35, panda basi au treni, teksi ghali. Kasri la wafalme ndo bunge la Sicilia, kwa hiyo siku za vikao vyumba vya kifalme vinafungwa, nenda mwisho wa wiki ndo unaona vyote. Monreale, mji mdogo wa jirani wenye kanisa kuu la mozaiki, ni basi la kutoka Piazza Indipendenza, ondoka asubuhi, sisi tulifika mchana tukakuta pamefungwa tukakaa juani mpaka wafungue. Hapo kioskini tukanunua granita ya lozi, ile barafu tamu iliyosagwa, na mkate wa brioche wa kuchovyea, na dadangu akauliza kama niongeze siku moja. Nikaongeza mbili.