Holbein au Sargent: nani wa kumfuata ukitaka kuchora sura za watu

Wote wawili walikuwa wageni London, na wote wawili walichora wakubwa wa mji huo kuliko wenyeji. Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg, alifika huko mara ya kwanza mwaka 1526 na akafia hukohuko mwaka 1543. John Singer Sargent, mtoto wa Wamarekani, alizaliwa Florence mwaka 1856, akasomea Paris, kisha akahamia London na kufia huko mwaka 1925. Ukiweka kazi zao pamoja, utaona mara moja kwamba mmoja ana mistari mikali na mwingine ana brashi iliyolegea. Ni kweli, lakini hiyo ni dalili tu. La kuuliza ni hili: rangi inapopakwa, anayechorwa yuko wapi? Kwa Holbein, keshakwenda zake. Kwa Sargent, yupo hapohapo kando ya kanvasi.

Kikao cha Holbein kilikuwa cha kuchora, si cha kupaka rangi. Tarehe 12 Machi 1538, mjini Brussels, Christina wa Denmark alikaa mbele yake achorwe kwa muda wa saa tatu tu, maana Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa akitafuta mke na alitaka kumwona kwanza. Kutokana na kikao hicho ikapatikana picha ya mwili mzima yenye urefu wa karibu sentimita 179, ambayo leo iko National Gallery, London. Muda huo ulitosha kwa sababu Holbein alijua cha kuchukua na cha kuacha. Alichukua uso na mikono kwa ukamilifu. Nguo aliigusia kwa mistari michache, na katika michoro yake kadhaa aliandika pembeni, kwa Kijerumani, rangi au aina ya kitambaa ili amalizie mwenyewe baadaye.

Michoro yake ipatayo 80 imehifadhiwa katika kasri la Windsor, Uingereza, na ndiyo shule bora kuliko picha zenyewe. Mingi ya miaka ya 1530 imechorwa kwenye karatasi iliyopakwa waridi hafifu. Hiyo ni hesabu ya kazi: rangi ya ngozi ya kati inakuwa tayari imeshakaa kabla hujashika chaki, kwa hiyo unaongeza giza kidogo na wekundu kidogo, basi. Halafu mstari wa umbo unatiwa nguvu kwa wino pale tu unapohitajika: kope ya juu, mpasuko wa midomo, pembe ya pua. Mchoro wa Thomas More, mwanasheria na mwanasiasa wa Uingereza, umetobolewa vitundu kufuata mistari, ili unga upite na kuacha alama kwenye ubao. Picha iliyokamilika, ya mwaka 1527, iko Frick Collection, New York, na ndevu fupi za siku mbili tatu bado zinaonekana kidevuni.

Ubao wenyewe ulikuwa wa mwaloni, uliopakwa chokaa laini na gundi, ukasuguliwa hadi ukawa kama pembe ya ndovu. Rangi ya mafuta ilipakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana kazi ya Holbein haiogopi macho ya karibu. Isogelee hadi hatua moja, utaendelea kuona vitu vipya.

Hapa ndipo wanaomwiga wanapoanguka. Wanaona mstari, wanauzungushia uso mzima kwa unene uleule, na kinachotoka ni kinyago kilichokatwa kwa mkasi. Mstari wa Holbein hupumua: mzito kwenye kope, karibu kutoweka kwenye shavu lililo upande wa mwanga. Kosa la pili ni kivuli. Ndani ya uso wake tofauti ya giza na mwanga ni ndogo mno. Ukikoleza kivuli chini ya pua kama unavyozoea kwenye picha za kamera, umeshamharibu. Changanya rangi tatu za ngozi zinazokaribiana kiasi kwamba kwenye paleti unazitofautisha kwa shida, na uishi humo.

Njia hii ina udhaifu wake, na Anne wa Cleves, mke wa nne wa Henry, ni shahidi. Holbein alimchora mwaka 1539, akitazama mbele moja kwa moja. Picha hiyo iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Vazi na vito ni vya ajabu. Lakini uso uliotazamwa mbele ndio unaoficha zaidi umbo la pua na kidevu, na hauonyeshi mtu anavyogeuka wala anavyosema. Henry alipokutana naye mapema 1540 hakupendezwa, na ndoa ikabatilishwa mwaka huohuo. Kumlaumu mchoraji kwamba alidanganya ni kuzidisha. Alitoa vipimo sahihi vya mtu aliyetulia tuli, na mtu tuli si mtu mzima.

Sargent ni kinyume chake. Mwalimu wake wa Paris, Carolus-Duran, alifundisha kupaka moja kwa moja bila kusubiri mchoro kamili. Sargent aliweka kanvasi kando ya anayechorwa, akarudi nyuma hadi aone vyote viwili kwa mara moja, akaamua, akaenda mbele, akaweka mpako mmoja, akarudi tena. Kichwa kilianza kama tonge la rangi za kati, bila macho wala mdomo; giza lilifuata, na mwanga mkali ulikuja mwisho. Kichwa kikikataa, hakukitia viraka: alikwangua chote na kuanza upya. Picha ya Lady Agnew wa Lochnaw ya mwaka 1892, iliyoko Edinburgh, inasemekana ilichukua vikao sita. Itazame kutoka mita tatu au nne na hariri yake nyeupe inang'aa. Isogelee, na hariri inageuka kuwa mikwaruzo ya zambarau, kijivu na krimu isiyo na maana yoyote.

Kwa hiyo tahadhari na simu. Picha ya Sargent ikipunguzwa hadi upana wa kiganja, ni sawa na kuitazama kutoka mbali sana: mipako inaungana na mwanafunzi anadhani amelainisha kila kitu. Anachukua brashi ndogo, anaipitisha juu ya rangi ileile mara kumi, inakuwa tope. Tafuta picha kubwa ya kipande kimoja, hesabu mipako ya shavu moja, kisha tumia brashi bapa pana kuliko unavyothubutu. Kabla ya kuweka, linganisha giza la rangi na la ngozi. Ukikosea giza, ufundi wa mkono hauokoi. Jambo jingine ni ukaukaji: nyeusi ya mifupa hukauka polepole, nyeupe ya risasi hukauka haraka, na ukipandisha ya haraka juu ya ya polepole, uso wa picha hupasuka. Nyeupe ya risasi ni sumu, na wengi leo hutumia ya titaniamu, ambayo hufunika zaidi na ni baridi zaidi machoni. Tia kidogo, na ipashe joto kwa manjano ya udongo.

Cha kufurahisha ni kwamba picha yake iliyopigiwa kelele kuliko zote, Madame X, ndiyo inayomkaribia Holbein. Uso umegeuzwa upande kabisa, nyuma kuna kahawia tupu, na kila kitu kinategemea mstari wa pua, kidevu na bega. Aliichora kwa michoro mingi ya maandalizi na marekebisho mengi ya huo mstari. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1884, mkanda mmoja wa gauni ukiwa umeshuka begani, watu walichukizwa. Baadaye akaupaka upya mahali pake. Kwa maoni yangu ni kazi nzuri yenye jasho linaloonekana. Mstari haukuwa lugha yake ya kwanza.

Nikilazimishwa kuchagua, Holbein ndiye mwalimu wa mwaka wa kwanza, kwa sababu makosa ya anayemfuata yanapimika: jicho liko juu au chini, ama mstari ni mzito au mwepesi. Makosa ya anayemfuata Sargent hujificha ndani ya uchangamfu wa brashi, na anayeanza anaweza kukaa nayo miaka bila kuyaona. Baada ya hapo nenda kwenye michoro ya mkaa ambayo Sargent aliifanya baada ya kuacha kazi za kulipwa za mafuta mwaka 1907, mingi ikimalizika ndani ya kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Muda ni uleule wa Christina. Chora mtu mmoja mara mbili kwa muda huo: kwanza kwa chaki kwenye karatasi ya waridi, ukianza na mstari, kisha kwa mkaa, ukitandaza giza kwanza na kuutoa mwanga kwa kipande cha mkate laini.