Damu yangu ni ipi hapo? Uzoefu wangu na PRP ya nywele

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo anayetaka maelezo ya kitaalamu kuhusu PRP, zile sindano za kuotesha nywele kwa damu yako mwenyewe, akatafute kwingine, yamejaa tele. Mimi nataka kuongelea vichupa viwili vya damu.

Kwa ufupi, nywele zangu za mbele zilikwisha. Miaka ya rasta za kukaza, kushonea, kila harusi na msuko wake, kubana kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda. Nimepaka mafuta ya mnyonyo, nimepaka maji ya kitunguu mpaka watu wa nyumbani wakanihama sebuleni. Mwisho shoga yangu akanielekeza kliniki moja ya urembo hapa Dar, vioo kila upande, kiyoyozi cha kugandisha mtu. Wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine mpaka chembe sahani, vile vijichembe vya kugandisha damu, zibaki kwenye yale maji ya njano, halafu wanakuchoma hayo maji kichwani. Damu yako mwenyewe, hakuna cha mtu mwingine. Ndiyo sera yao, wanairudia kuanzia mapokezi mpaka chooni.

Mara ya kwanza sina la kulalamika. Inauma, asikudanganye mtu, tena sindano ya ganzi ndiyo inauma kuliko zote. Kesho yake paji la uso likavimba nikaenda kazini na miwani ya jua. Hayo nilishaambiwa, nikavumilia.

Mara ya pili ndiyo kisa. Nesi alikuwa mpya, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Akanitoa damu, akaweka kichupa kwenye trei, hakuandika chochote. Nikasema labda ataandika baadaye. Chumba cha pili, mlango wazi, kulikuwa na kaka mmoja wa kipara cha utosini, naye katolewa damu. Sasa ile mashine haizunguki na kichupa upande mmoja, itatikisika mpaka itembee mezani. Lazima upande wa pili kiwepo kingine chenye uzito uleule, na wanaojua kazi yao huweka cha maji. Huyu binti, ili aokoe muda, akaweka changu huku na cha yule kaka kule. Vyote vina kifuniko cha bluu, vyote havina jina. Akabonyeza, akarudi kwenye maongezi yake.

Mashine ilipotulia akavitoa vyote kwa mkono mmoja, akavisimamisha, akaviangalia. Niliona kabisa mtu anachagua. Akachukua kimoja, akaanza kuvuta yale maji kwa sindano.

"Samahani dada, umejuaje kama hicho ndicho changu?"

"Ni chako."

"Umejuaje?"

"Dada yangu, kwani damu si zote nyekundu? We lala hapo, dokta anakuja."

Jamani. Damu zote nyekundu! Na homa ya ini nayo ina rangi yake? VVU je? Msidhani nakuza mambo. Kule New Mexico, Marekani, kulikuwa na sehemu ya urembo isiyo na leseni iliyokuwa ikiwafanyia watu hii hii PRP ya usoni. Ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2024 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakatoa ripoti kwamba kuna wateja waliopata VVU pale. Walikwenda kung'arisha uso tu.

Dokta akaja. Nikashukuru, nikajua sasa nimepata mtu mzima. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nesi wao ana uzoefu. Nikamuuliza, dokta, yule kaka pale amepimwa? Akaangalia saa. Akaja na meneja, huyo ndiye akanimaliza kabisa: wako tayari kunitoa damu nyingine, ila nilipie vifaa upya, maana vile vimeshatumika. Hapo ndipo sauti yangu ilisikika mpaka kwa mlinzi getini. Nikamwita na yule kaka, nikamwambia usikubali, hawajui damu yako ni ipi. Akanijibu kalala, "Dada, mimi nina haraka." Sijui alichomwa ya nani.

Nikatolewa nyingine, bure, mbele ya macho yangu, jina nikaliandika mwenyewe kwenye plasta kwa kalamu ya mapokezi. Pole sikupewa. Dokta alinichoma kwa kasi ya mtu anayelipa kisasi.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa tayari: nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi, aliyenitafutia bajaji na kuniambia "pole mama".

Shida ni kwamba nywele zimeota. Naapa. Upande wa kushoto kuna vinyweleo vyeusi, vifupi, vigumu, msusi wangu ndiye aliyeviona kwanza. Kulia hakuna kitu. Lakini tena niseme haki, tangu nianze nimeacha kusuka, na napaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kila usiku. Kipi kimeotesha? Daktari wa ngozi wa hospitali ya serikali, niliyekwenda baadaye kwa hasira tu, alinimulika kichwa na kilenzi chake akasema kulia ngozi imeshakuwa laini inang'aa, vitundu vya nywele vimefungwa, hapo hata nichomwe ndoo nzima ya damu haitoki kitu. Dakika chache tu na tochi. Kliniki ya vioo hawakunimulika hata siku moja, walinipokea na mashine ya kadi.

Basi PRP yenyewe siisemi vibaya. Au naisema nusu. Kwa hela ile, ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi, nusu kichwa ni wizi. Halafu najitazama kwenye kioo upande wa kushoto, nanyamaza.

Sindano za mwisho nilishalipia na hela hawarudishi, nimeuliza mpaka nimechoka. Nakwenda. Maka peni iko kwenye mkoba, na nimeshawapigia simu: kichupa changu kikizungushwa na cha mtu mwingine, naita polisi.