Ripoti ya FBI juu ya kifo cha Padre Kaiser: nyota moja, na hiyo ni ya karatasi

Wanaonisoma wamenizoea nikitoa nyota kwa chai ya Mtito Andei, vyoo vya Salgaa na sehemu za kulaza lori bila kunyonywa dizeli usiku. Leo natoa nyota kwa huduma ya aina nyingine, nayo imelipiwa kwa kodi za watu wa nchi mbili: huduma ya kumwambia mwananchi mtu fulani amekufaje. Bidhaa ziko mbili na maiti ni moja. Ya kwanza ni ripoti ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ya Aprili 2001, inayosema marehemu alijiua. Ya pili ni uamuzi wa Hakimu Maureen Odero wa tarehe 1 Agosti 2007, unaosema aliuawa.

Mimi ni Muislamu wa Changamwe, na padre huyu hakuwa wangu kwa dini wala kwa kabila. Ila makutano ya Morendat yako kwenye njia yangu. Ukishuka Mai Mahiu, ukaiacha Naivasha mgongoni, na kabla ya mizani ya Gilgil haijakutia presha, unapita makutano hayo. Hapo, asubuhi ya 24 Agosti 2000, alikutwa Padre John Anthony Kaiser, Mmarekani wa Minnesota mwenye umri wa miaka 67, amekufa kwa risasi ya kichwani upande wa nyuma. Pikapu yake ilikuwa mtaroni na bunduki yake ya kuwindia ilikuwa karibu na mwili.

Kwa vijana ambao wakati huo walikuwa bado kwenye mbeleko: Kaiser alikuwa mmisionari wa shirika la Mill Hill, na alifika Kenya mwaka 1964. Miaka mingi alikaa Kisii, akajenga makanisa kwa mikono yake na kusema Kigusii. Baadaye akahamia jimbo la Ngong, na huko ndiko alikokutana na wakimbizi wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, wale waliorundikwa kambi ya Maela baada ya kufukuzwa Enoosupukia. Serikali ilipovunja kambi ile, naye aliondolewa kwa nguvu. Mwishowe akawa padre wa Lolgorien, Trans Mara. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo, akataja wakubwa kwa majina, mawaziri wakiwemo. Hapo usisahau ni enzi za Moi, na kutaja jina la waziri barazani hakukuwa mchezo. Mwisho wa mwaka huo alitishiwa kufukuzwa nchini. Machi 2000 Chama cha Mawakili wa Kenya kikampa tuzo ya haki za binadamu. Agosti akafa.

Haya, tuje kwenye bidhaa.

Ripoti ya FBI nitaisifu kwanza, maana ina sifa zake. Ilikuja upesi, miezi minane tu, na kwa Kenya ya wakati ule hiyo ni kasi ya ndege. Imeandikwa vizuri na maabara yao ni ya kutajika duniani. Ukiishika mkononi unaona kazi ya watu waliosoma. Nyota yangu moja ni ya hapo.

Kilichomo ndani ndicho kilichonishinda. Nguzo kubwa ya ripoti ni akili ya marehemu. Kaiser aliwahi kutibiwa maradhi ya akili, yale ya furaha kupita kiasi na huzuni kupita kiasi, na hilo ni kweli, hata rafiki zake hawakulikana. Kisha wapelelezi wakazihesabu siku zake za mwisho: alikuwa na wasiwasi, usingizi ulimpotea, alikuwa akiwaambia watu kwamba anafuatwa, na bunduki aliiweka karibu. Wakajumlisha, wakapata kujiua.

Sasa mimi nauliza kama mteja. Mtu aliyetaja mawaziri mbele ya tume, akatishiwa kufukuzwa, akaendelea kuwashughulikia wanyonge waliokuwa na kesi dhidi ya wakubwa, mtu huyo alitakiwa alale vipi? Angekuwa ameuawa, siku zake za mwisho zingekuwa na sura gani tofauti? Angekuwa na wasiwasi. Asingelala. Angesema anafuatwa, na angeweka bunduki karibu. Kila kitu ambacho ripoti inakihesabu kwenye daftari la ugonjwa kinaingia vilevile kwenye daftari la hatari. Ushahidi unaokaa pande zote mbili za mizani hausogezi sindano, na hilo kila dereva wa trela analijua.

Sibezi maradhi yale. Nimemzika jamaa aliyejitoa uhai na najua mtu anaweza kucheka saa nne akafa saa kumi. Kwa hiyo sikatai kwamba yawezekana. Ninachokataa ni kuuziwa yawezekana kwa bei ya hakika.

Kisha kuna bunduki yenyewe. Bunduki ndefu na jeraha la nyuma ya kichwa. Wataalamu wa FBI walisema mtu anaweza kujipiga hivyo. Mtaalamu wa Kenya aliyeshiriki kuchunguza maiti hakukubaliana nao. Mimi sina maabara, lakini Kaiser alikuwa mwanajeshi wa miavuli wa Marekani kabla ya kuingia seminari, na alikuwa mwindaji. Mtu aliyezoea silaha hivyo, akiamua, ana njia nyepesi zaidi ya kuzungusha mtutu hadi kisogoni.

Na njia. Hapa ndipo ninapojua kuliko wao. Kutoka Nairobi au Ngong kwenda Lolgorien, njia ya kawaida unakata kushoto Mai Mahiu, unaenda Narok. Morendat huifikii kwa njia hiyo, iko mbele kabisa, ukishapita Naivasha. Ukiwa unazunguka kwa Nakuru, Kericho na Kisii, sawa, Morendat ni njia yako, lakini huo ni mzunguko wa kumaliza tangi. Padre aliondoka Ngong jioni ya tarehe 23, alikokuwa kwenye nyumba ya askofu. Kwa nini alikuwa pale? Anayeamini kujiua atasema alikuwa akizurura kwa kuchanganyikiwa. Anayeamini mauaji atasema alipelekwa. Swali la barabara lilitakiwa kujibiwa kwa watu wa barabarani: walinzi wa vituo vya mafuta, wauza chai wa usiku, askari wa vizuizi, madereva. Ripoti inalijibu kwa saikolojia.

Nikiwa mwadilifu niseme pia kwamba FBI walikuja kwa mwaliko wa serikali ya Kenya, kwenye nchi ya wenyewe, bila nguvu ya kumwita mtu kizimbani. Waliongea na waliokubali kuongea. Katika Kenya ya mwaka 2000, mwenye habari angemwambia nini mgeni aliyekaa meza moja na polisi wetu? Kwa hiyo nailaumu ripoti kwa kutia muhuri wa mwisho pale ambapo vifaa vyake havikutosha. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikataa. Ndugu zake waliikataa. Hata kule Marekani, Seneta Paul Wellstone wa Minnesota hakuridhika nayo.

Bidhaa ya pili ilichelewa sana. Ilibidi Moi aondoke, serikali ya muungano wa NARC iingie, ndipo mwaka 2003 uchunguzi wa kifo ukafunguliwa mahakamani. Ukaendelea hadi 2007. Ukisubiri mzigo miaka minne bandarini utalipa gharama zitakazokufilisi, na hapa gharama ni kumbukumbu za mashahidi. Ila tofauti ya huduma inaonekana papo hapo: shahidi anaapa, anauliza wakili wa familia, anauliza wa serikali, na mwandishi wa gazeti yupo benchi la nyuma. Wakubwa nao waliitwa wakaulizwa. Mtaalamu akisema hili, mwenzake anasema lile, na hakimu anawasikia wote wawili. Hakimu Odero akaikataa hoja ya kujiua na kuandika kwamba padre aliuawa. Hakumtaja muuaji, kwa sababu ushahidi uliofika mbele yake haukumfikisha hapo, na akataka upelelezi uendelee.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote. Angeweza kuwafurahisha watu kwa kutupa jina. Alisema anachokijua, akaishia alipoishia. Nampa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya kilichofuata, ambacho si kosa lake: hadi leo hakuna aliyeshtakiwa. Huduma baada ya mauzo, sifuri.

Wateja wa zamani wa huduma hii hawatashangaa. Menyu ya vifo vya kutatanisha ilikuwa fupi kama ya kibanda chenye chapati na maharagwe peke yake: kujiua, au wanyama. Julie Ward, Mwingereza, alipokutwa vipande vipande Maasai Mara mwaka 1988, tuliambiwa ni wanyama wa porini. Daktari aliyepima alikuwa ameandika kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye ncha kali, na ripoti yake ikabadilishwa na mkubwa wake. Baba mtu, John Ward, hakukubali, akatumia mali na miaka yake, na mahakama ya Kenya ikakiri mwaka 1989 kwamba kulikuwa na mkono wa mtu. Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alikutwa Got Alila karibu na Koru Februari 1990, amepigwa risasi na kuchomwa moto, na bado kukawa na watu serikalini waliothubutu kusema alijiua. Tume ya Jaji Gicheru iliyokuwa ikichunguza kifo chake ilivunjwa na Rais mwaka 1991 kabla haijamaliza. Ukikutana na orodha hiyo, neno kujiua kwenye ripoti ya Kaiser linakuja likiwa na harufu ya jiko lilelile, hata kama wapishi safari hii walitoka Washington.

Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya aina hii, iliyo nje ya polisi. Karatasi nzuri pia ile. Nitaipa nyota nikiiona ikitembea.

Kwa anayepatwa na msiba wa namna hii leo, ushauri wa mteja kwa mteja: kabla ya kuzika, tafuteni daktari wenu awepo maiti inapopasuliwa, mjichangie hata kama ni kwa harambee. Ombeni nakala ya ripoti ya uchunguzi wa maiti na muiweke nyumba mbili tofauti. Mkiambiwa faili limefungwa, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, na wakili anajua pa kubisha hodi. Msikubali neno la mdomo kutoka kwa afisa aliyesimama koridoni.

Ombi langu la mwisho ni kwa madereva wenzangu wa zamani, nyinyi mliokuwa mkisukuma mizigo ya Malaba na Busia mwaka 2000. Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, tarehe 23 kuingia 24 Agosti, barabara ile haikuwa tupu, haijawahi kuwa tupu. Kuna mtu aliona pikapu mtaroni, au gari la pili limesimama pembeni, akaongeza mwendo kwa sababu Naivasha usiku husimami ovyo. Kosa la mauaji haliishi muda wake kisheria. Nendeni kwa wakili, au kwa ofisi ya jimbo Katoliki iliyo karibu, mseme mliona nini na saa ngapi, na mlikuwa mkielekea upande gani.