Seti za kuiga michoro maarufu: ipi umnunulie mtoto anayesomea nyumbani

Boksi la seti ya kuchora huuzwa kwa picha iliyo juu yake. Usiku wenye Nyota wa Van Gogh unang'aa pale, na mzazi anatoka dukani akiamini mtoto atatoa kitu kinachofanana nao. Geuza boksi. Yenye maana yameandikwa nyuma kwa herufi ndogo: rangi ni ya aina gani, mililita ngapi, karatasi ina gramu ngapi kwa mita ya mraba, brashi ni za namba gani. Boksi lisilosema hata moja kati ya hayo, liache hapohapo.

Kwa mtoto anayesomea nyumbani seti ndiyo somo lenyewe, maana hakuna mwalimu wa sanaa atakayekuja wiki ijayo kuziba pengo. Ndiyo sababu tumezipanga kwa swali moja: seti hii inamwachia mtoto kiasi gani cha kazi aliyoifanya mchoraji? Kuchanganya rangi ni kazi, kuamua mkono uelekee wapi ni kazi, hata kusubiri ikauke ni kazi. Bei inakuja baada ya hapo, na utaona kuwa seti za juu kwenye orodha hii si lazima ziwe ghali.

1. Pasteli za mafuta na karatasi nyeusi (miaka 5 na kuendelea)

Hivi ni vijiti laini vya rangi, vinono kuliko krayoni za kawaida. Vilianza kutengenezwa Japani mwaka 1925 na kampuni ya Sakura, kwa ajili ya watoto wa shule, na mpaka leo hakuna kifaa kinachomfikisha mtoto mdogo kwa Van Gogh haraka zaidi. Sababu ni moja: michirizi. Van Gogh hakupaka anga, aliichora kwa michirizi mifupi inayofuata njia ya upepo, na kijiti cha pasteli hutoa mchirizi wa namna hiyo bila brashi wala maji.

Nunua boksi la vijiti 24. La 48 limejaa rangi zinazokaribiana ambazo mtoto hazigusi. Ongeza vijiti viwili vya nyeupe vya ziada, kwa kuwa nyeupe huisha kwanza kila mara. Kabla ya kulipa, omba kujaribu: chora njano juu ya karatasi nyeusi. Ikionekana njano kweli, chukua. Ikionekana kivuli cha kijivu kinachoteleza, humo mna nta nyingi na rangi kidogo.

Karatasi: manila nyeusi au bluu iliyokoza. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata kabla ya kuanza, kwa kutoangalia umbo. Usiku wenye Nyota, uliochorwa Juni 1889 huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, una sentimita 73.7 kwa 92.1, yaani karibu 4 kwa 5. Karatasi ya A4 ikilazwa ni ndefu kuliko umbo hilo, kwa hiyo mtoto anayeanzia kushoto anafika kulia akiwa na nafasi tupu, na mwezi unaishia kuelea mbali na ukingo. Kata karatasi iwe sentimita 20 kwa 25. Igawe miraba ya sentimita 5, minne kwenda chini na mitano kwenda kando, kisha gawa vivyo hivyo nakala iliyochapishwa. Mtoto anakopi mraba mmoja mmoja. Mwenye miaka 10 anaweza kupewa miraba ya sentimita 2.5.

Mistari ya kwanza ichorwe kwa chaki nyeupe. Penseli haionekani kwenye nyeusi, tena unga wake huchafua njano. Mistari mitatu inatosha: mgongo wa vilima, mvinje ulio kushoto, na ule mzunguko mkubwa wa katikati. Kisha aanze na mwanga: mwezi, nyota na duara zake. Bluu zifuate zikizunguka njano, na giza la mvinje liwe la mwisho. Akianza na bluu, kijiti cha njano kitaizoa na nyota zote zitakuwa za kijani. Michirizi iwe ya sentimita mbili hivi, na kati yake nyeusi ya karatasi iachwe ionekane. Kishawishi kikubwa ni kusugua kwa kidole ili "ijae". Ikishajaa imekwisha: michirizi imekufa, na anga imegeuka tope. Mpe kipande cha tishu afute ncha ya kijiti kila anapobadilisha rangi.

Kasoro mbili za pasteli hazina dawa kamili. Hazikauki kamwe, kwa hiyo kazi ifunikwe kwa karatasi ya kuokea na isibebeshwe vitabu. Pia zinalegea kwa joto. Dar es Salaam au Mombasa, boksi lililoachwa ndani ya gari mchana litakurudishia vijiti vilivyoshikana.

2. Akriliki unazokusanya mwenyewe (miaka 8 na kuendelea)

Seti iliyofungwa ya akriliki kwa kawaida ni tyubu 24 za mililita 12. Inapendeza kuitazama. Tyubu moja ya nyeupe ya mililita 12 inaishia kwenye anga la kwanza, huku zambarau na kahawia zikibaki zimejaa mwaka mzima. Bora ununue tyubu za mililita 75, moja moja: njano ya limau, nyekundu ya waridi (majenta), nyekundu ya moto, bluu ya ultramarini, nyeusi, na nyeupe mbili.

Kwa nini nyekundu mbili? Nyekundu ya moto ina unjano ndani yake. Ukiichanganya na bluu unapata rangi ya udongo, na mtoto anadhani amekosea yeye. Majenta na ultramarini ndizo zinazotoa zambarau safi. Nyekundu ya moto na njano hutoa machungwa. Somo zima la rangi limo humo, na ndilo seti yenye tyubu 24 inalomnyang'anya mtoto, maana kila jibu amekwisha kupewa.

Brashi tatu tu: bapa ya milimita 12, ya duara namba 6, ya duara namba 2. Zisisimamishwe ndani ya maji, nywele hupinda na gundi ya shina huachia. Akriliki ikikauka kwenye brashi haitoki tena, na kwenye nguo pia haitoki. Fulana kuukuu ya baba ni sehemu ya seti.

Anza na mchoraji Mondrian: Mchanganyiko wa Nyekundu, Bluu na Njano wa mwaka 1930, vyumba vya rangi vilivyotengwa kwa mistari myeusi. Unaonekana rahisi mpaka mtoto ajaribu mstari mnyoofu. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi, halafu kabla ya nyeusi pitisha nyeupe kwenye ukingo wa tepu. Hiyo nyeupe inaziba upenyo. Nyeusi ikipita juu haivuji, na tepu ibanduliwe rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ukisubiri ikauke kabisa, itatoka na ngozi ya rangi. Mwonyeshe pia kwamba mistari ya Mondrian haina unene mmoja. Wengi huipima yote sawasawa na picha inapooza bila wao kujua kwa nini.

Halafu nenda Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya enameli, ile inayopakwa baiskeli. Hadibodi mnunulie, fundi seremala atakukatia vipande vya sentimita 30 kwa 30. Enameli usinunue: huyeyushwa kwa thina, mvuke wake si wa chumba cha mtoto, na baadhi zina madini ya risasi. Akriliki inafanya kazi ileile. Paka usuli wa rangi moja tabaka mbili, ukauke, mchore mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao, kisha madoa kwa kitako cha brashi. Doa la kwanza huwa kubwa na la tano dogo, kwa hiyo achovye kila baada ya matatu. Miguu ya mnyama isikatwe na ukingo kwa bahati mbaya. Hilo ndilo kosa la kawaida, na chaki huliona kabla ya rangi.

3. Rangi za posta, au hata karatasi za rangi tupu

Ukiwa na watoto watatu mezani na mdogo wao ana miaka minne, nunua chupa za rangi ya posta na uache mengine. Nyingi hufulika. Ikiwa nene hupasuka ikikauka, na tabaka la pili huamsha la kwanza, kwa hiyo michoro yenye tabaka haifai. Inayofaa ni Konokono wa Matisse, wa mwaka 1953, ulioko jumba la sanaa la Tate, London. Matisse alikuwa akikata maumbo kutoka kwenye karatasi ambazo wasaidizi wake walishazipaka rangi. Siku ya kwanza watoto wapake karatasi, siku ya pili wakate na kubandika. Kama hata rangi hiyo haipatikani, manila za rangi tano, mkasi na gundi vinatosha.

4. Rangi za maji

Zingekuwa juu zaidi kama zisingeuzwa na karatasi mbovu. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 na itakunjamana kabla ya rangi kufika ukingoni. Nunua ya gramu 300, hata kama ni karatasi sita tu, na vidonge 12 vya bei ya kati. Kidonge kizuri hutoa rangi kwa mizunguko michache ya brashi yenye maji. Cha chokaa utakisugua na bado rangi imepauka. Mchoro wake ni Wimbi Kuu la Kanagawa la Hokusai, la karibu mwaka 1831. Lenyewe si mchoro wa brashi bali chapa ya mbao, na bluu yake ni ile iliyokoza iitwayo bluu ya Prussia. Povu halipakwi nyeupe: mtoto anaacha karatasi wazi. Hilo humchukua jaribio la pili au la tatu, na ndiyo sababu ya zile karatasi sita.

5. Kuchora kwa namba

Ndiyo seti inayouzwa zaidi kwa jina la michoro maarufu, na hatuikatai moja kwa moja. Ina utulivu wake, na mtoto wa miaka 10 aliyechoka na hesabu anaweza kuifurahia. Ila kompyuta imekata michirizi ya Van Gogh kuwa visiwa vidogo, vingine vyembamba kuliko ncha ya brashi iliyomo, na kila rangi imeshachanganywa. Kinachobaki ni kujaza.

Ukinunua, chagua turubai iliyokwisha kuwambwa kwenye fremu, isiyozidi sentimita 30 kwa 40, yenye rangi zisizozidi 15. Iliyokunjwa ipigwe pasi ya moto mdogo kwa nyuma, juu ya kitambaa, kabla ya rangi yoyote. Vikopo ni vidogo mno: fungua kimoja kwa wakati. Rangi ikianza kuganda, tone mbili za maji huiokoa, ikikauka, basi. Namba huonekana chini ya njano, kwa hiyo funika kwanza kwa nyeupe nyembamba.

6. Picha za vito vya kubandika

Mtoto anabandika vito vidogo vya plastiki juu ya alama zilizochapishwa: ni ushonaji wa shanga uliovaa jina la Van Gogh. Nyumba yenye mtoto anayetia vitu mdomoni, usiingize.

Picha ya kuiga na alama za usalama

Usimpe mtoto simu aige kutoka hapo. Kioo kinawaka, njano inaonekana kali kuliko ilivyo, na atakuwa akikuza picha kila dakika. Makumbusho ya sanaa ya Metropolitan ya New York na Art Institute ya Chicago yanatoa bure picha kubwa za kazi zilizo nje ya hakimiliki. Wimbi la Hokusai na Chumba cha Kulala cha Van Gogh zimo. Chapisha kwa rangi, saizi ileile ya karatasi ya mtoto.

Kwenye lebo, ASTM D-4236, kanuni ya Marekani ya lebo za vifaa vya sanaa, haimaanishi rangi ni salama. Inamaanisha tu kwamba hatari zake, kama zipo, zimeandikwa. Kwa mtoto tafuta duara lenye herufi AP (imepitishwa kuwa haina sumu), au EN 71-3, kiwango cha usalama wa vichezeo, kwa bidhaa za Ulaya. Ukiona CL (lebo ya tahadhari), hiyo ni ya watu wazima.