Paa la mabati Nairobi: ununue nini kwanza kupunguza joto

Gusa dari ya sebule saa tisa alasiri mwezi wa Februari. Ukiikuta ina moto kama kikombe cha chai, usilaumu hewa ya Nairobi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nadra kupita digrii 30 hata msimu wa kiangazi. Kinachopika nyumba ni jua lenyewe, ambalo hupita utosini wiki ya tatu ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Bati lililopigwa na jua hilo linaweza kupita digrii 60, halafu linaurusha moto huo chini kama jiko lililopinduliwa.

Ndiyo maana ushauri wa nchi za theluji, wa kurundika sufi ya kioo (nyuzi za kioo laini kama pamba) ya unene wa sentimita 30 darini, hautufai. Kule wanazuia joto lisitoke. Sisi tunalizuia lisiingie, na sehemu kubwa yake huingia kwa mionzi. Kwa hiyo anza na vitu vinavyorudisha mionzi, kisha ndipo ufikirie unene.

Kabla ya kununua chochote, toa hewa ya moto iliyofungiwa darini. Kipimo kinachotumika sana ni mita mraba moja ya uwazi kwa kila mita mraba 150 za dari. Nyumba ya dari ya mita mraba 80 inahitaji kama nusu mita mraba, yaani matundu kumi ya sentimita 30 kwa 20 chini ya kingo za paa, mengine yakiwa juu karibu na kofia ya paa ili hewa ipande na kutoka. Weka wavu wa matundu yasiyozidi milimita 6, la sivyo popo watahamia, na harufu ya kinyesi chao itakushinda kuliko joto.

Nafasi ya kwanza: rangi nyeupe ya kurudisha jua

Kwa paa la zamani ambalo halijaanza kutoboka, hakuna kinacholipa haraka kuliko hii. Rangi nyeupe ikiwa mpya hurudisha zaidi ya theluthi mbili za jua; bati lenye kutu hunyonya karibu lote. Usidanganywe na ung'avu wa bati jipya lisilopakwa rangi. Linarudisha jua, sawa, lakini joto linalolinyonya halijui kulitoa, kwa hiyo nalo huchemka.

Nunua rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya paa. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya bati la zinki, mafuta yake hushikana na zinki na kugeuka kitu kama sabuni. Baada ya misimu michache ya mvua inabanduka vipande vikubwa kama ganda la yai. Fundi atasema bati lilikuwa chafu. Huenda, lakini mara nyingi kosa ni la rangi. Bati jipya lipakwe kwanza praima, yaani rangi ya msingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya bati la zinki. La zamani lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe kwa sabuni, likauke kabisa.

Hesabu: dari ya mita mraba 80, ukiongeza kingo na mteremko, inakuwa paa la mita mraba 105 hivi. Mikunjo ya bati inaongeza kama asilimia 15, inafika 121. Ukipaka mara mbili, lita moja kwa mita mraba 8, ni lita 30. Fundi akikwambia lita 20 zinatosha, anapanga kuongeza maji. Kama unakinga maji ya mvua, hakikisha kopo limeandikwa kuwa rangi haina madini ya risasi, na umwage maji ya mvua za mwanzo. Vumbi litapunguza weupe, kwa hiyo osha paa kila mwaka kabla ya Januari.

Nafasi ya pili: foili

Kwa nyumba inayoezekwa sasa, foili (karatasi ya alumini inayong'aa, hutandazwa chini ya bati) inapanda hadi nafasi ya kwanza, kwa sababu kuiweka baadaye ni kazi mara tatu. Ijaribu dukani au nyumbani: shikilia mkono mbele ya jiko la makaa, kisha ingiza kipande cha foili katikati bila kugusa chochote. Moto unakatika papo hapo. Sasa igusishe kwenye kitu cha moto, nayo inapata moto na kuupitisha. Hapo umeelewa kila kitu kuhusu foili: bila nafasi ya hewa haina kazi. Iache ilegee sentimita 4 kati ya pulini na pulini (mbao zinazoshikilia bati), isibanwe na bati. Kama ina upande mmoja tu unaong'aa, uelekee chini, maana ukitazama juu vumbi litaufunika.

Muuzaji akidai foili ya mapovu ya milimita 4 ni sawa na sufi ya milimita 100, mwache aseme. Mapovu yenyewe yanazuia kidogo sana. Kazi inafanywa na ung'avu pamoja na hewa iliyo mbele yake. Roli ya mita 1.2 kwa 40, ukilaza ukingo juu ya ukingo kwa sentimita 15, inafunika mita mraba 42, si 48. Paa letu la 105 linataka roli tatu.

Foili hupitisha umeme. Zima swichi kuu kabla ya mtu kuingia darini, na usipige stepla karibu na waya. Nchini Australia, mpango wa serikali wa kuweka vizuizi vya joto majumbani ulisimamishwa Februari 2010 baada ya mafundi vijana wanne kufa: watatu kwa umeme, wa nne kwa joto la darini. Kazi ianze alfajiri na iishe kabla ya saa nne.

Nafasi ya tatu: sufi ya kioo

Hii inunue kama pia unasumbuliwa na baridi ya Julai na kelele ya mvua, mambo ambayo rangi haiyatibu. Milimita 50 zinatosha kwa wengi. 100 ni starehe. Kwa roli ya mita 1.2 kwa 15, dari ya 80 inataka tano, au tisa kwa tabaka mbili zilizopishana. Usiisindilie, kwa kuwa kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani. Ikilowa imekufa, na bati hutoka jasho usiku wa baridi, kwa hiyo tanguliza foili juu yake. Vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu.

Waya wa shawa ya umeme ndio wa kuangaliwa zaidi. Shawa hizo hula ampea 20 na zaidi, na waya uliofunikwa na sufi hauwezi kupoa. Upandishe ukae juu ya sufi.

Nafasi ya nne: polistaireni

Ule ubao mweupe unaokuja na televisheni mpya. Ni mwepesi, rahisi kukata, na milimita 50 zinakaribia sufi ya unene huohuo. Umeshuka kwa sababu unawaka kwa moshi wenye sumu. Omba uliotiwa dawa ya kuzuia moto, na uufunike kwa jipsamu. Gundi ya viatu inauyeyusha. Waya za plastiki zikiugusa kwa miaka hukauka na kupasuka, basi zipitishe ndani ya paipu.

Mpangaji asiyeruhusiwa kupaka paa achukue foili, aipigilie kwenye fremu za mbao nyembamba, na azifunge chini ya rafta (boriti za paa) kwa skrubu badala ya misumari. Siku ya kuhama anafungua na kuondoka nazo.